Masega ya Gari: Usikubali Yakatwe Kabla ya Kuuliza Maswali Haya

Na MWANDISHI WETU

UKIPITA katika barabara ya Namanga alfajiri, kuanzia Isinya, uje Kisaju hadi Kitengela, utajionea jinsi maisha ya watu wa upande huu yalivyofungamana na gari. Mashamba ambayo zamani yalikuwa malisho ya ng'ombe sasa yamejaa nyumba za watu wanaofanya kazi Athi River, Mlolongo na jijini Nairobi. Kwa wengi wao, gari dogo la mtumba kutoka Japani ndilo miguu ya nyumba. Ndilo linalompeleka baba kazini na watoto shuleni, ndilo linaloleta maji na unga, na ndilo linalomkimbiza mgonjwa hospitalini usiku wa manane.

Kwa hivyo gari likianza kukohoa, nyumba nzima huugua.

Na kuna ugonjwa mmoja ambao mafundi wengi huutibu kwa dawa moja tu: msumeno. Gari linakataa kupanda mlima, linakunywa petroli kama ngamia aliyetoka jangwani, na ile taa ya injini kwenye dashibodi haizimi. Chukua mfano wa mwalimu aliyepeleka gari lake gereji Jumamosi asubuhi. Mazungumzo huwa kama haya:

"Mwalimu, hili gari halipumui," fundi atasema huku akijipangusa mikono. "Masega yameziba. Tuyakate, tuchomelee paipu hapo, utaona litakavyoruka."

"Itanigharimu pesa ngapi, fundi?"

"Aa, hilo lisikusumbue, mwalimu. Wewe niachie hayo masega tu, kazi nitakufanyia bure."

Hapo ndipo masikio ya mwenye gari yanapopaswa kusimama. Tangu lini mtu akalala chini ya gari nusu siku, akachoma umeme na vyuma vya kuchomelea, kisha akakataa malipo? Ukiona hivyo, jua malipo yapo, ila hujaonyeshwa yaliko.

MASEGA NI KITU GANI?

Masega ni kile kipande kinene, mfano wa mkebe wa chuma, kilichofungwa kwenye paipu ya moshi kati ya injini na saileni. Katika magari mengi ya siku hizi kimebanwa karibu kabisa na injini. Katika mengine kiko chini ya sakafu. Yameitwa masega kwa sababu ukichungulia ndani utaona kauri yenye vitundu vidogo vidogo maelfu kwa maelfu, kama sega la nyuki.

Kuta za vitundu hivyo zimepakwa madini ya thamani kubwa: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi unapopita humo ukiwa moto, madini hayo huubadilisha. Kaboni monoksidi, ile gesi inayoua watu kwa jiko la makaa chumbani, hugeuzwa kuwa hewa ya ukaa. Petroli ambayo haikuungua sawasawa hugeuzwa kuwa mvuke wa maji na hewa ya ukaa. Oksidi za nitrojeni, ambazo huwasha macho na kifua, hugeuzwa kuwa nitrojeni ya kawaida tunayoivuta kila siku. Madini yenyewe hayaungui wala hayapungui kwa kazi hiyo. Ni kama kadhi anayewaozesha wengine naye akabaki alivyo.

Masega hayaanzi kazi mara tu injini inapowashwa. Sharti yapate joto la nyuzi kama 250 hadi 300 za Selsiasi. Yakishapata moto, masega mazima husafisha zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo tatu. Kwa maneno mengine, gari lililokatwa masega laweza kutoa sumu mara kumi au zaidi kuliko lile lililonayo, hata kama moshi wake hauonekani kwa macho.

DESTURI HII ILITOKA WAPI?

Tusiwalaumu mafundi wetu kwa kila kitu. Desturi ya kukata masega ina historia, na kuna wakati ilikuwa na sababu.

Mmoja wa waanzilishi wa kuweka kifaa kama hiki kwenye magari alikuwa mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani, Eugene Houdry, katika miaka ya 1950. Moshi wa magari ulikuwa umeufunika mji wa Los Angeles hata watu wakawa wanatokwa na machozi barabarani. Kifaa chake kilikuwa kizuri lakini kilikuwa na adui mmoja: madini ya risasi. Siku hizo petroli ilichanganywa na risasi ili injini isigonge. Risasi hiyo ilitoka na moshi, ikayapaka madini ya masega mithili ya rangi juu ya kioo, na kazi ikakoma. Wamarekani walipoanza kuuza petroli isiyo na risasi, ndipo magari yao yalipofungwa masega kwa wingi, kuanzia matoleo ya mwaka wa 1975. Japani nayo ilikaza sheria zake za moshi katika miaka hiyo hiyo ya 1970.

Sasa fikiria gari lililotengenezwa Japani likiwa na masega, kisha likaletwa Kenya wakati ambapo petroli yetu ilikuwa bado na risasi. Masega hayo yaliharibika upesi, na mwishowe yakawa kizibo kwenye koo la injini. Fundi wa wakati huo aliyeyakata alikuwa akimsaidia mteja wake. Hakukuwa na njia nyingine ya maana.

Lakini wakati huo umepita. Mwezi wa Juni mwaka wa 2001 nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikutana mjini Dakar, Senegali, zikaazimia kuachana na petroli yenye risasi. Kufikia mwanzo wa mwaka wa 2006 Kenya na karibu majirani zake wote walikuwa wameiacha. Nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari ya kawaida ilikuwa Algeria, ambayo iliacha mwezi wa Julai 2021, na habari hiyo ikatangazwa na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lenye makao yake papa hapa Gigiri, Nairobi.

Kwa hivyo sababu iliyowafanya mafundi wa zamani wakate masega ilikwisha miaka mingi iliyopita. Sababu imekufa, desturi imebaki. Fundi alifundishwa na fundi, naye anamfundisha mwanagenzi wake, na hakuna anayeuliza tena kwa nini.

KWA NINI BASI YANAZIBA?

Hili ndilo swali ambalo mwenye gari hana budi kumuuliza fundi kabla ya kuruhusu msumeno. Masega ya gari lenye afya huweza kudumu kwa miaka mingi, hata umri mzima wa gari. Yakifa, mara nyingi yameuawa, na muuaji yumo ndani ya injini.

Muuaji wa kwanza ni plagi au koili mbovu. Silinda moja ikikosa cheche, petroli yake hutoka mbichi na kwenda kuungulia ndani ya masega. Joto hupanda hadi kauri ikayeyuka na kuwa donge. Ukiona mkebe wa masega umekuwa mwekundu kama kaa la moto usiku, ujue ndiyo hali hiyo.

Muuaji wa pili ni mafuta ya injini. Injini iliyochoka, ambayo ringi zake zimelika, huunguza oili pamoja na petroli. Oili ina fosforasi, nayo huganda juu ya madini ya masega. Kama unaongeza oili kila baada ya wiki mbili na hakuna tone linaloanguka chini, basi inaishia huko.

Wa tatu ni maji ya rejeta yanayopenya kwenye silinda kupitia gasketi ya hedi iliyoungua. Wa nne ni sensa ya oksijeni iliyozeeka, ambayo huidanganya kompyuta ya gari ikamimina petroli kupita kiasi.

Na wa tano ni petroli chafu. Tatizo la kuchanganya petroli au dizeli na mafuta taa lilikuwa kubwa nchini hata serikali, mwaka wa 2018, ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa faida ya wachanganyaji. Gari lililozoea kununuliwa mafuta kwenye mitungi kando ya barabara lina hatari hii zaidi.

Unaona basi, msomaji, kwamba kukata masega bila kutafuta muuaji ni sawa na kumzika marehemu huku ukimwachia jambazi ufunguo wa nyumba. Plagi mbovu itabaki mbovu. Ringi zitaendelea kulika. Baada ya miezi michache utarudi gereji kwa maradhi makubwa zaidi, na safari hii hakutakuwa na kazi ya bure.

"GARI LITARUKA"

Watetezi wa kukata husema gari hupata nguvu na kupunguza mafuta. Kuna ukweli kidogo hapa, na ni vizuri tuupime kwa haki.

Kama masega yameziba kweli, injini haiwezi kutoa pumzi. Hata uikanyage vipi, haitaenda. Ukiyatoa, utahisi tofauti kubwa siku hiyo hiyo. Lakini nguvu hiyo si mpya, ni ile ile uliyokuwa nayo kabla hayajaziba. Ungeweka masega mazima ungeipata vile vile. Na kama masega hayakuwa yameziba, nguvu utakayoongeza kwenye gari la familia ni ndogo mno. Kitakachoongezeka ni kelele.

Kuhusu mafuta, kumbuka kuwa gari la kisasa lina sensa mbili za oksijeni. Ile ya mbele huiambia kompyuta ni petroli kiasi gani imiminwe. Ile ya nyuma hukagua kama masega yanafanya kazi. Ukiyakata, ya nyuma hulalamika na taa ya injini huwaka. Mafundi wengine huifungia kipande cha chuma ili isogee mbali na moshi na kudanganyika, au huifumba taa yenyewe kwa kipande cha utepe mweusi. Taa ikishafumbwa, siku injini itakapopata hitilafu ya kweli hutaonywa. Umemfunga kengele mlinzi wako mwenyewe mdomoni.

MOSHI UNAISHIA WAPI?

Wakazi wa Kisaju hupenda kusema kuwa walihama jijini ili watoto wapate hewa safi ya mbuga. Ni kweli upepo huku si haba. Lakini hebu tazama asubuhi ya siku ya shule. Watoto wanatembea kando ya barabara kuu huku malori ya Namanga na magari madogo yakipita karibu nao. Paipu ya moshi ya gari dogo iko chini, karibu na kimo cha mtoto wa chekechea. Mtu mzima huvuta moshi uliokwisha kuchanganyika na upepo. Mtoto huvuta ule unaotoka moja kwa moja. Na anayekaa nyuma ya gari hilo kwa nusu saa kwenye msongamano wa Kitengela ni mwenye bodaboda na abiria wake.

Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Ikiingia katika damu hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili hukosa hewa huku mtu akidhani anapumua sawasawa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Mama mjamzito, mtoto mchanga na mwenye ugonjwa wa moyo ndio huathirika kwanza. Petroli isiyoungua nayo hubeba benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu. Na oksidi za nitrojeni humchokoza mwenye pumu. Zikipigwa na jua kali, kama hili letu la Kajiado, husaidia kutengeneza ozoni ya chini ambayo huumiza mapafu.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni ya wale walio ndani ya gari lenyewe. Paipu iliyokatwa na kuchomelewa harakaharaka huweza kupasuka kwenye kiungo kwa sababu ya mitikisiko ya barabara ya vumbi. Moshi ukitokea chini ya sakafu hupenyeza ndani kupitia matundu ya waya na kutu. Asubuhi za baridi za Juni na Julai, familia hufunga vioo vyote. Moshi wa gari lenye masega mazima ungekuwa umepunguzwa ukali. Wa gari lililokatwa ni sumu kamili. Watoto wakisinzia ovyo safarini na mama akaumwa kichwa kila akipanda gari, usilaumu usingizi wa asubuhi tu. Kagua paipu.

KAZI YA BURE INALIPWA NA NANI?

Sasa turudi kwa yule fundi mkarimu. Madini yaliyo ndani ya masega ni machache, gramu chache tu, lakini ni ghali ajabu. Mwezi wa Machi mwaka wa 2021 wakia moja ya rodiamu ilifika zaidi ya dola 29,000 za Marekani, wakati wakia ya dhahabu ilikuwa chini ya dola 2,000. Bei hiyo ilishuka baadaye, lakini madini haya bado yana thamani. Sehemu kubwa ya rodiamu na platinamu ya dunia huchimbwa Afrika Kusini, nayo huzunguka dunia nzima kabla ya kutufikia chini ya sakafu ya gari la mtumba.

Miaka ile bei ilipopanda, wezi wa London walizoea kuingia chini ya magari yaliyoegeshwa na kukata masega kwa dakika chache. Walipenda zaidi magari ya Toyota Prius, kwa kuwa injini yake hufanya kazi kwa vipindi na masega yake hayachakai haraka. Mwenyewe aliwasha gari asubuhi likanguruma kama trekta.

Hapa kwetu mwizi hana haja ya kuvizia usiku kama mwenye gari anampa mwenyewe mchana na kumshukuru. Wanunuzi wa masega wapo, na bei hutegemea aina ya gari. Masega yaliyotoka na gari kiwandani ndiyo yenye madini mengi. Yale mapya ya bei nafuu yanayouzwa madukani mara nyingi yana madini kidogo sana, na ndiyo maana hayadumu.

Si mafundi wote wenye hila. Wengi wa jua kali ni watu waaminifu wanaolisha familia kwa jasho lao, na wapo watakaokuambia waziwazi, "Mama, masega haya yana pesa, tukubaliane." Lakini mwenye mali ndiye anayepaswa kujua thamani ya mali yake. Asiyejua maana haambiwi maana.

SHERIA INASEMAJE?

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 ndiyo iliyounda mamlaka ya NEMA, na kanuni za ubora wa hewa za mwaka wa 2014 zilizotokana na sheria hiyo zinakataza gari kutoa moshi unaopita viwango vilivyowekwa. Biashara ya vyuma vikuukuu nayo ina sheria yake ya mwaka wa 2015, inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni na aweke kumbukumbu za anachonunua.

Wapo watakaosema: "Nani aliyewahi kukamatwa?" Swali hilo ni la mtu anayevuka barabara bila kutazama kwa kuwa jana hakugongwa. Lakini hata tukiiweka polisi kando, kuna soko. Siku utakapotaka kuuza gari, mnunuzi mjanja atalala chini na tochi, aone paipu tupu mahali pa masega, na ataondoa kwenye bei kiasi kinachozidi ile "kazi ya bure" uliyofanyiwa.

NYASI KAVU

Wakazi wa nyanda za Kajiado wana hoja moja ambayo wa mjini hawana. Masega huwa moto sana, na gari likiegeshwa juu ya nyasi ndefu zilizokauka, nyasi hizo zaweza kushika moto. Hoja hii ni ya kweli. Katika miezi ya kiangazi moto mmoja unaweza kumaliza malisho ambayo wafugaji wamewawekea ng'ombe wao, ukaendelea hadi kwenye boma.

Lakini dawa yake si msumeno. Paipu ya moshi tupu nayo huwa moto, na masega yaliyoziba au yanayounguza petroli mbichi ndiyo hatari kuliko yote. Dawa ni kuegesha gari kwenye ardhi tupu, kufyeka nyasi mahali pa kuegesha nyumbani, na kutoacha gari likinguruma juu ya nyasi wakati mnapiga gumzo na jirani langoni.

WENYE MAGARI YA DIZELI

Wenye magari ya dizeli nao wana mtego wao: ule mtungi wa kuchuja masizi, ambao mafundi huutoboa ukiziba. Chujio hili hujisafisha lenyewe kwa kuyaunguza masizi, lakini linahitaji moto wa safari ndefu. Gari linalokwenda dukani na kurudi tu halipati moto huo. Mkazi wa Kisaju ana bahati. Akitoka mara moja kwa wiki hadi Kajiado mjini kwa mwendo ulio sawa, bila kusimama kila mara, mara nyingi chujio lake litajisafisha. Kuanzia Januari 2015 dizeli iliyouzwa katika nchi za Afrika Mashariki ilitakiwa isizidi sehemu 50 za salfa katika kila milioni, kwa hivyo kisingizio cha mafuta mabaya nacho kimepungua. Na tusisahau kwamba mwaka wa 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

UFANYE NINI?

Kwanza, taka uthibitisho. Usikubali "yameziba" ya kusikia kwa sikio tu. Fundi anaweza kuifungua sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega, akafunga geji ya presha mahali pake, na ukaona mwenyewe kama moshi umezuiwa. Akikosa geji, mwende kwa mwenye nayo. Kupima ni nafuu kuliko kukata.

Pili, uliza ni nini kilichoyaua. Plagi, koili, oili, maji ya rejeta na sensa vikaguliwe kabla ya lolote. Mara nyingi utakuta masega ni mazima na mgonjwa ni plagi moja.

Tatu, kama yameziba kweli au kauri imevunjika na inagongagonga ndani ya mkebe, yaondolewe. Kuendesha gari lililoziba ni kuiua injini. Lakini yaondolewe ili mengine yawekwe. Unaweza kutafuta yaliyotoka kwenye gari kama lako lililovunjwa kwa vipuri, au mapya yanayolingana na injini yako. Kama pesa hazitoshi mwezi huu, lipange jambo hilo kama unavyopanga karo. Kuyaosha kwa kemikali huweza kuondoa masizi mepesi, lakini hakuponyi kauri iliyoyeyuka.

Nne, ya zamani ni mali yako. Yapige picha kabla hayajatolewa, uwepo yanapotolewa, na uyachukue. Ukiamua kumuuzia fundi au kupunguziwa bei ya yale mapya, iwe ni biashara mliyokubaliana na si ukarimu.

Tano, ukinunua gari la mtumba, hata lililotoka bandarini Mombasa wiki iliyopita, chungulia chini yake. Wengine huacha mkebe wa nje mahali pake na kutoa kauri ya ndani, hivyo macho pekee hayatoshi. Gonga mkebe kidogo kwa mti. Ukilia tupu kama debe, uliza maswali.

Sita, ukisikia kichwa kinauma au usingizi usio wa kawaida ndani ya gari, fungua vioo, simama, toka nje. Na usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa ya nyumbani, uwe na masega au usiwe nayo.

Yapo magari ya zamani ambayo hayakuwahi kuwa na masega tangu kiwandani, kama zile Peugeot 504 ambazo wazee wetu walizitunza kwa mapenzi. Wenye magari hayo hatuwadai kitu ambacho hawakupewa. Wayatunze injini zisitoe moshi mweusi, inatosha. Lakini wewe uliyepewa kifaa ukalipia bei yake ndani ya bei ya gari, na ushuru wake ukaulipa bandarini, kwa nini ukitupe?

Kile kifaa hakikuwekwa na Wajapani kwa ajili ya Wajapani peke yao. Mapafu ya mtoto wa Kisaju hayana tofauti na ya mtoto wa Tokyo, na risasi iliyokuwa ikitunyima nafasi ya kuyalinda haimo tena katika petroli yetu. Fundi akikuambia kazi ni ya bure, mwambie: "Asante, fundi. Kwanza tutafute kilichoyaziba."